Neno la Chuo: Kutoka Ubao wa Matangazo hadi Tovuti Kandokando ya Ziwa Victoria

Mamboleo ni njiapanda. Barabara itokayo Kisumu mjini hufika hapo ikagawanyika: mkono mmoja hupanda Riat kuelekea Kiboswa na Kakamega, mwingine hushika tambarare ya miwa kuelekea Kibos, Miwani na Chemelil. Wakenya wengi walilisikia jina la mahali hapa tarehe 1 Juni 2021, Sikukuu ya Madaraka ilipoadhimishwa katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta, uliojengwa penye viwanja vya maonyesho ya kilimo. Lakini kwa wazazi na vijana wa Nyanza na Magharibi, Mamboleo ni kituo katika safari za kwenda chuoni. Upande wa Kibos kuna Chuo Kikuu cha Maziwa Makuu cha Kisumu. Mjini kuna Kisumu National Polytechnic na kampasi ya jiji ya Chuo Kikuu cha Maseno. Ukiipita Kiboswa unaelekea Masinde Muliro, Kakamega. Na magharibi, baada ya Maseno yenyewe, kuna Bondo, kilipo chuo kikuu kinachobeba jina la Jaramogi Oginga Odinga. Leo kijana anayeitwa kujiunga na chuo chochote kati ya hivi hukutana nacho kwanza kwenye kioo cha simu, kabla hajapanda matatu wala kuliona lango. Barua ya mwito, orodha ya karo, namba ya kulipia, tarehe ya kuripoti na fomu ya daktari vyote anavipata kwenye tovuti. Hoja yangu ni kwamba tovuti hiyo ndiyo mrithi halali wa masjala ya chuo, na kwamba matatizo yake mengi yametokana na kuukabidhi urithi huo kwa watu wasioagizwa kuutunza kama masjala.

Ili kuona urithi wenyewe, sharti turudi kwenye karatasi. Elimu ya kizungu kandokando ya ziwa ilianza kwa wamisionari. Shule ya Maseno ilifunguliwa mwaka 1906, na miongo iliyofuata ilileta taasisi nyingine kwenye kilima hicho, zikiwemo chuo cha walimu cha Siriba na chuo cha serikali cha kufunza watumishi wa umma. Mwaka 1990 hizo mbili ziliunganishwa zikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili. Katika miaka hiyo yote neno la chuo lilikuwa na makao yanayojulikana. Barua ilitoka kwa msajili ikiwa na namba ya kumbukumbu, tarehe, saini na muhuri, na nakala yake ilibaki kwenye jalada. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wenye kioo na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa karani mmoja. Orodha za waliochaguliwa zilichapishwa magazetini. Vyuo vilipofungwa kwa sababu ya migomo, jambo la kawaida katika miaka ya 1980 na 1990, wanafunzi walisubiri taarifa ya habari ya redio saa saba mchana kujua lini watarudi. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, na mara nyingi ulikuwa wa kibabe. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 wanafunzi waliorudishwa makwao walitakiwa hata kuripoti kwa machifu. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo haikupaswa kupotea: mtu aliyetaka kujua kama jambo fulani kweli limesemwa na chuo alijua aende wapi kuuliza, na angeweza kuonyeshwa karatasi.

Teknolojia iliyokuja kuiondoa karatasi hiyo iliingia Kenya kwa njia ya jina kabla ya kuingia kwa njia ya waya. Tarehe 29 Aprili 1993 Kenya ilipewa herufi zake mbili za mtandao, .ke. Siku iliyofuata, tarehe 30 Aprili, maabara ya CERN huko Uswisi, alikokuwa ameibunia Tim Berners-Lee, ilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti ingekuwa mali ya umma, bila malipo kwa yeyote. Hakuna aliyepanga tarehe hizo zikaribiane hivyo, lakini zinasaidia kuona jambo: uwezo wa kuchapisha ulifunguliwa kwa ulimwengu mzima wakati uleule ambapo mamlaka ya kutaja nani ni nani kwenye mtandao wa Kenya yalikabidhiwa watu wawili. Upande wa ufundi ulikuwa kwa Mmarekani Randy Bush, na upande wa usimamizi kwa Dkt. Shem Ochuodho, msomi wa kompyuta ambaye baadaye aliwakilisha Rangwe, karibu na ziwa, katika Bunge la 1997 hadi 2002. Kituo alichokiongoza Nairobi, ARCC, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuiunganisha Kenya moja kwa moja na intaneti mnamo 1995, huku kampuni ya Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, ikianza kuwauzia wateja huduma hiyo. Kwa vyuo, maana yake ilikuwa kwamba kabla ya kuwa na ukurasa hata mmoja, ilibidi kwanza vitambuliwe. Jina lilitangulia maudhui.

Utambulisho huo uliwekewa sheria zake. Tangu usimamizi wa .ke ulipohamia kwa shirika la Kenya, KENIC, lililoundwa mwaka 2002, majina yanayoishia kwa .ac.ke hayauzwi kwa kila anayekuja na pesa. Mwombaji huonyesha hati kwamba ni taasisi ya elimu ya juu, kama vile shule zinavyoombewa .sc.ke. Duka la vipuri linaweza kununua .co.ke asubuhi moja likaanza kazi mchana, lakini anwani kama maseno.ac.ke hubeba dai kwamba serikali inakitambua chuo hicho. Hapa naona ushahidi wa kwanza wa hoja yangu. Watu walioujenga mtandao wa Kenya waliichukulia anwani ya chuo kama muhuri: alama inayomwambia msomaji kwamba anayesema ana mamlaka ya kusema. Ndiyo maana matapeli wanaotengeneza barua bandia za udahili hulazimika kutumia anwani zinazofanana tu na ile ya chuo. Na ndiyo maana inashangaza kuona chuo chenye haki ya muhuri huo kikimwambia mwanafunzi atume vyeti vyake kwa anwani ya bure ya barua pepe ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua kwa dakika tano. Kitendo hicho ni sawa na msajili kuandika kwenye karatasi isiyo na nembo.

Kama anwani ilikuwa muhuri tangu mwanzo, mbona tovuti za kwanza zilikuwa matangazo matupu: picha ya lango, salamu za naibu chansela, orodha ya kozi, na aya mbili za historia? Jibu limo katika waya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mawasiliano yote ya intaneti kwenda nje yalipitia kwenye uti wa mgongo wa shirika la umma, Jambonet, uliozinduliwa 1998, na kutoka hapo yakapanda setilaiti. Watoa huduma walipojaribu kubadilishana mawasiliano ya ndani ya nchi kupitia kituo cha KIXP mnamo Novemba 2000, Telkom Kenya, shirika lililomiliki uti huo wa mgongo, ililalamika na mdhibiti akakifunga. Hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Katika kipindi hicho data iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine iliweza kuvuka bahari kwa setilaiti na kurudi. Fikiria basi chuo cha Kisumu kikitaka kuwasajilia wanafunzi kozi kwa njia hiyo, kwa mashine iliyokaa chuoni, kwenye umeme unaokatika. Huduma yoyote iliyohitaji majibu ya papo hapo ilikuwa ndoto ya gharama. Ukurasa usiobadilika ndio uliowezekana, na ukurasa usiobadilika hauna kazi nyingine ila kujitangaza. Kwa hiyo tabia ya kuiona tovuti kama bango ilizaliwa na uhaba wa miaka ile. Sababu ilipoondoka, tabia ilibaki.

Sababu iliondoka hatua kwa hatua, na vyuo vyenyewe vilishiriki kuiondoa. Mwaka 1999 taasisi za elimu na utafiti ziliungana kuanzisha KENET, mtandao wa pamoja uliosajiliwa kama amana, ukapata msaada wa kwanza kutoka kwa shirika la maendeleo la Marekani. Wazo lilikuwa la ushirika: chuo kimoja hakiwezi kununua uwezo wa setilaiti kwa bei ya maana, lakini vingi vikiungana vinaweza. Katikati ya muongo uliofuata KENET ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa UbuntuNet, muungano wa mitandao ya vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika. Kisha ukaja mwaka 2009. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa, EASSy ikafuata 2010, na mkongo wa taifa wa nchi kavu ukaifikisha data magharibi mwa nchi. Wakati huohuo KENET ilikuwa ikichapisha tafiti za utayari wa vyuo vya Kenya zilizoongozwa na Meoli Kashorda na wenzake, akiwemo Timothy Waema. Tafiti hizo zilipima viashiria 17 kwa ngazi ya 1 hadi 4, na kati ya viashiria hivyo uongozi wa chuo ulipewa nafasi pamoja na nyaya na kompyuta. Watafiti hao walielewa mapema kwamba mkongo ungefika, na kwamba ukishafika swali lingebaki mezani pa wakubwa: nani ndani ya chuo anawajibika kwa kinachopita humo?

Swali hilo halikujibiwa vizuri kwa sababu wakati huohuo vyuo vilipata kitu kingine cha kushughulika nacho. Tangu 2004 maabara moja ya baraza la utafiti la Hispania, CSIC, imekuwa ikichapisha mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, orodha ya Webometrics inayovipanga vyuo vya dunia kwa nguvu ya uwepo wao mtandaoni: viungo vinavyovielekea kutoka nje, na kazi zao za kitaaluma zinazoonekana. Nchini Kenya orodha hiyo ilipokewa kama matokeo ya mtihani. Vyuo vilitoa taarifa za kujipongeza kila vilipopanda, na kushuka kukawa ajenda ya vikao. Haitakuwa haki kusema shindano hilo lilileta hasara tupu. Kwa msukumo wake vyuo vingi vilifungua hazina za kidijitali, mara nyingi kwa programu huria ya DSpace iliyotokana na chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard, na tasnifu zilizokuwa zikila vumbi kwenye rafu za maktaba zikaweza kusomwa na mvuvi wa Mbita mwenye simu sawa na profesa wa Leiden. Tatizo ni kile ambacho kipimo hicho hakingeweza kuona. Hakihesabu kama ratiba ya mitihani imewekwa na tarehe yake, kama karo iliyotajwa ndiyo inayodaiwa, wala kama mwanafunzi aliyesahau nenosiri alipata msaada kabla dirisha la usajili halijafungwa. Kilipima tovuti kwa macho ya mgeni aliye mbali, na vyuo vikajifunza kumpambia mgeni huyo sebule.

Mwenyeji, kwa wakati uleule, alikuwa akisukumwa mlangoni. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliondoa Bodi ya Pamoja ya Udahili, iliyokuwa mikononi mwa vyuo vya umma, na badala yake ikaweka KUCCPS, iliyoanza kuwapangia wanafunzi vyuo mwaka 2014 kwa maombi ya mtandaoni. Mabadiliko haya yalifanya zaidi ya kubadilisha fomu. Mnyororo mzima wa kuingia chuoni ukawa wa kurasa: kijana huchagua kozi kwenye ukurasa wa KUCCPS, huchapa barua yake kwenye ukurasa wa chuo, huomba mkopo kwenye ukurasa wa HELB, na tangu 2023, ulipoletwa mfumo mpya wa ufadhili, huomba tena kwenye ukurasa mwingine ili apangiwe kundi la mahitaji. Ndipo biashara ya saiba ikapata msimu wake. Kwenye njiapanda kama Mamboleo, Kiboswa au Luanda, fundi wa saiba amekuwa karani asiye na mshahara wa chuo. Huwasomea wazazi masharti, huwapigia chapa barua, huwajazia fomu, na kwa bahati mbaya mara nyingine hubaki na nenosiri lao. Kazi yote ambayo zamani ilifanywa kwenye dirisha la masjala imehamia hapo, isipokuwa kwamba fundi huyo hana jalada la kufungua wala bosi wa kumuuliza pale ukurasa unapogoma. Anachokijua kuhusu chuo ni kile tu ambacho tovuti imekubali kumwonyesha.

Machi 2020 iliufunga mjadala kuhusu uzito wa huduma hizi. Serikali ilipoamuru taasisi za elimu zifungwe kwa sababu ya korona, vyuo vilibaki na kampasi moja tu iliyo wazi, nayo ilikuwa ya mtandaoni. Vilivyokuwa tayari vimeweka masomo kwenye Moodle, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza 2002 na Mwaustralia Martin Dougiamas, viliweza walau kuendelea; vilivyokuwa na bango tu vilikuta bango halifundishi. Kuna somo moja ndani ya tofauti hiyo ambalo halihusu mashine. Kuweka Moodle kwenye seva ni kazi ya siku chache. Kinachochukua miaka ni kuamua nani anaruhusiwa kufungua darasa, nani anathibitisha kwamba orodha ya wanafunzi ni sahihi, alama zikishaingizwa nani anaweza kuzibadilisha, na mabadiliko hayo yanaandikwa wapi. Haya yote ni maswali ya msajili. Chuo ambacho hakikuwa kimeyajibu kwenye karatasi hakikuweza kuyajibu kwenye kompyuta kwa haraka ya gonjwa.

Sasa tunaweza kuona mgawanyo wa urithi ulivyokwenda. Katika vyuo vingi tovuti ina wenyewe wawili: idara ya teknolojia inayomiliki seva na manenosiri, na ofisi ya mawasiliano inayomiliki picha na habari. Mara nyingi kuna wa tatu, mkandarasi aliyeshinda zabuni ya kuisanifu upya. Msajili, ambaye kisheria ndiye mtunza kumbukumbu, hubaki mteja anayetuma tangazo lake kwa barua pepe na kungoja lipandishwe. Matokeo yake yanaonekana kwa yeyote anayezisoma tovuti hizi kwa makini: matangazo yasiyo na tarehe, orodha ya mwaka juzi iliyokaa juu ya ya mwaka huu, na kila usanifu mpya, tuseme kutoka Joomla kwenda WordPress, ukifagia matangazo ya nyuma kana kwamba hayajawahi kutolewa. Chuo kinapobadili jina, kama ilivyokuwa Bondo kilipopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, anwani nayo hubadilika, na kila kiungo cha zamani kilichotajwa kwenye tasnifu ya mtu kimo hatarini kufa. Anayetaka kujua chuo cha Kisumu kilitangaza nini mwaka 2005 ana nafasi bora ya kukipata kwenye Internet Archive ya San Francisco, inayohifadhi nakala za kurasa tangu 1996, kuliko kwenye chuo chenyewe. Karani wa mwaka 1975 angelipoteza jalada namna hiyo angeitwa kujieleza.

Sheria za nchi, kwa upande wake, zimekuwa zikiitaja kazi hii kwa jina lake halisi. Sheria ya kumbukumbu za taifa ya 1965 inailinda rekodi ya umma isiharibiwe kiholela. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ichapishe mambo yake ya msingi bila kungoja kuombwa, ijibu maombi ndani ya siku 21, na ilizitaka taasisi zilizopo kuhamishia kumbukumbu zao kwenye kompyuta ndani ya miaka mitatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuja kutoka upande wa pili na kuonya kwamba si kila kitu cha kuchapishwa. Mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Zisome pamoja sheria hizi na utaona zinamwelezea mtu mmoja: anayejua kipi kitoke, kipi kifichwe, kipi kihifadhiwe, na kwa muda gani. Huyo ni mtunza masjala. Chuo kinachobandika mtandaoni orodha ya wanafunzi yenye majina kamili, namba za vitambulisho na deni la karo, huku kikishindwa kuonyesha kanuni zake za mitihani, kimeyapindua mambo yote mawili kwa wakati mmoja.

Kuna watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa wanafunzi hawaendi kwenye tovuti. Wako WhatsApp, Facebook na TikTok, na huko ndiko chuo kiwafuate. Ni kweli kwamba wako huko, na ni busara tangazo liwafikie huko. Lakini tazama kinachotokea uvumi unapozuka kwamba mtihani umeahirishwa. Kwenye kundi la darasa hutumwa picha ya barua yenye nembo, mwingine anasema ni ya mwaka jana, wa tatu anasema imehaririwa. Ubishi huo hauwezi kumalizwa ndani ya kundi lililouzua. Humalizwa na mtu atakayeleta kiungo cha .ac.ke chenye tarehe ya leo. Kadiri neno linavyosambaa kwa wepesi, ndivyo mahali pa kulithibitisha panavyozidi kuwa na thamani. Zaidi ya hayo, ukurasa wa Facebook ni mali ya kampuni ya California. Unaweza kufungwa, kutekwa au kubadilishiwa masharti, na Kisumu haina wa kumpigia simu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Serikali imekuwa ikizivuta huduma zake na malipo yake kwenye eCitizen, iliyoanza 2014, na wapo wanaoona kwamba vyuo navyo vimezwe humo: mlango mmoja, nenosiri moja, kodi ya umma isipotee kwenye tovuti mia. Faida ya mlango mmoja kwenye malipo naiona, hasa kwa mzazi anayelipa kwa simu na kuogopa kukosea tarakimu ya namba ya malipo. Lakini Julai 2023 mlango huo ulishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, na huduma nyingi za nchi zikayumba kwa pamoja. Agosti ya mwaka huohuo umeme ulikatika karibu nchi nzima. Matukio hayo yanatukumbusha kwamba kukusanya kila kitu mahali pamoja hukusanya na hatari. Tena, masjala ya chuo si dirisha la malipo peke yake. Inabeba maamuzi ya seneti, mitaala, matokeo, tasnifu na kumbukumbu za watu waliopita hapo, na uhuru wa chuo kuyatunza hayo ni sehemu ya uhuru wake wa kitaaluma. Wizara inaweza kuwa mshika fedha. Haifai kuwa karani wa seneti.

La tatu husemwa na vyuo vidogo, na ni la haki: hatuna pesa. Polytechnic ya kaunti au chuo binafsi kinachohangaika kulipa mishahara hakiwezi kuajiri kikosi cha wahandisi. Hata hivyo historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba ghali ilikuwa ni waya, na waya umeshuka bei. Programu zenyewe, WordPress, Moodle, DSpace, ni huria. Wanachama wa KENET wanaweza kuweka tovuti zao kwenye mashine za ushirika huo badala ya kununua seva na jenereta. Kinachobaki ni muda wa mtu anayejua taratibu za chuo na mwenye mamlaka ya kusema hapana. Mtu huyo tayari yupo kwenye orodha ya mishahara; anakaa katika ofisi ya msajili. Kumfundisha kuweka tarehe, namba ya kumbukumbu na nakala ya kudumu kwenye kila tangazo hakuhitaji shahada ya kompyuta. Mkandarasi wa kusanifu upya kila baada ya miaka mitatu ndiye gharama, na mara nyingi huondoka na manenosiri.

Kwa hiyo pendekezo linalotokana na historia hii ni dogo na linaweza kuanza muhula ujao. Waandishi wa habari za chuo waendelee na picha za mahafali, na mafundi waendelee kuzilinda seva, lakini tangazo rasmi, kanuni, karo na ratiba viwe mikononi mwa msajili, vipewe namba na tarehe kama barua, na visifutwe bali viwekwe alama kwamba vimepitwa. Anwani ya chuo isikodishwe wala kuachwa ikaisha muda, na jina likibadilika anwani ya zamani iendelee kumwelekeza msomaji kwenye mpya. Usanifu mpya usikubaliwe hadi mkandarasi aonyeshe kwamba kila tangazo la nyuma limehamishwa. Na vyuo vinapohesabu mafanikio mwezi Januari na Julai, viongeze safu moja ambayo Hispania haiwezi kuijaza: ni maswali mangapi ya wanafunzi yalijibiwa na ukurasa, na mangapi yalimlazimu mtu kutoka Muhoroni au Mfangano kupanda gari kwenda kuuliza ana kwa ana. Siku chuo kitakapoweza kuijaza safu hiyo kwa ukweli, kitakuwa kimejua pia ni nani kati ya watumishi wake aliyekuwa akiibeba kazi hiyo bila cheo.